Uzi: Nyota nzito zinazaliwaje ikiwa mwanga wake wenyewe unaifukuza gesi?

#1 Kandambili_Tupu
Wakuu salaam. Kuna jambo limenikwama.

Kuzaliwa kwa Jua letu naelewa: wingu la gesi na vumbi linajikunja kwa uzito wake, katikati panachemka, haidrojeni inaanza kuungana, nyota hiyo. Shida inaanza kwa zile zenye uzito wa mara 8 ya Jua kwenda juu. Hizi zinawaka kabla hazijamaliza kula. Mwanga wake ni mkali mno, unalisukuma vumbi lirudi nyuma, na vumbi linaiburuta gesi. Mwaka 1974 Franz Kahn alipiga hesabu akasema ukifika kama mara 40 ya Jua mlango unafungwa, hakuna kinachoingia tena.

Sasa mbona angani zipo zinazozidi mara 100? Zilikula saa ngapi?

#2 Mzaramo_Asilia
Naweka kiti hapa mbele. Wajuzi waje.

#3 NyotaYaNge
Nimekuja mbio nikidhani tunasomewa nyota. Mimi ni Nge, mwaka huu naolewa au bado?

#4 Binti_Karoo
Mkuu #1, swali zuri. Niko Afrika Kusini nasomea mambo haya, nitajibu kwa kadiri yangu.

Hesabu ile ya 1974 ilichukulia kwamba gesi inaanguka sawasawa kutoka kila upande. Kwenye mawingu halisi haiendi hivyo. Wingu lina mzunguko, hata kama ni mdogo, na likijikunja mzunguko unaongezeka kasi, gesi inatandaa na kuwa diski. Diski ni nene na nzito, mwanga hauipenyi, kwa hiyo unatokea juu na chini ambako pako wazi. Chakula kinaingia kwa ubavuni, mwanga unatoka kwa utosini. Yorke na Sonnhalter walilionyesha hilo kwa kompyuta mwaka 2002.

Halafu 2009 Krumholz na wenzake wakaigiza wingu lenye uzito wa Jua mara 100, safari hii kwa pande zote tatu, urefu, upana na kimo. Mwanga ulipuliza mapovu makubwa ndani ya gesi, lakini gesi nzito ikawa inadondoka katikati ya mapovu kama vidole. Mwisho zikatoka nyota mbili, moja mara 41.5 ya Jua na nyingine mara 29.2. Ukomo wa Kahn ukavukwa bila kuvunja sheria yoyote ya fizikia.

#5 Kandambili_Tupu
Asante dada. Kwa hiyo kesi imefungwa?

#6 Mwalimu_Eldoret
Haijafungwa hata kidogo. Kompyuta inakuonyesha kwamba jambo linawezekana. Kwamba ndivyo linavyotokea huko juu ni habari nyingine, lazima ulione.

Na kuliona ndiyo kazi. Kwanza nyota hizi ni chache, kwa kila moja kuna ndogo mamia. Kwa sababu ni chache, ziko mbali. Mawingu ya Taurus yanayozaa nyota ndogo yako kama miaka ya nuru 450 tu kutoka hapa, lakini kiwanda cha karibu cha nyota nzito ni Nebula ya Orion, kama 1,350, na vingi viko maelfu. Tatu, zinazaliwa haraka, kwa miaka laki moja hivi. Nne, zinazaliwa kwa kundi, zimebanana. Tano, na ndiyo mbaya kuliko zote, zimefichwa na vumbi. Mpaka uione kwa macho imeshazaliwa, imeshakua, na imeshabomoa chumba chake cha kuzaliwa. Ushahidi umeharibiwa na mtuhumiwa mwenyewe.

#7 Mzaramo_Asilia
"Ushahidi umeharibiwa na mtuhumiwa mwenyewe" 😂 Ticha umetisha.

#8 fundi_dishi
Swali la kifundi. Kama vumbi linazuia mwanga, mnaangalia kwa kutumia nini? Nasikia kuna mtambo wa antena 66 huko Chile. Mimi nafunga madishi, dishi moja tu likikaa vibaya mteja anapiga simu usiku. 66 zinakaaje sawa?

#9 Binti_Karoo
Fundi, huo ni ALMA. Uko kwenye uwanda wa Chajnantor, jangwa la Atacama, mita 5,000 juu ya bahari. Ulizinduliwa 2013. Antena zinaweza kutawanywa hadi kilomita 16 na zote zikaunganishwa zikafanya kazi kama jicho moja kubwa. Na zinahamishwa, kuna malori maalumu ya kuzibeba.

Unasoma mawimbi ya milimita na chini yake. Vumbi linalozuia mwanga wa kawaida, kwa mawimbi hayo linapitika, na lenyewe linang'aa kwa joto lake dogo. Nasema joto ila ni nyuzi 250 na ushee chini ya sifuri.

Utamu uko kwenye molekuli. Kila molekuli ina masafa yake, kama stesheni. Ukilinganisha nguvu za mistari ya asetonitrili unapata joto la gesi. Mstari ukisogea kidogo kwenye masafa ya juu, gesi inakuja kwetu, ukisogea chini, inakwenda zake. Ukiona upande mmoja unakuja na wa pili unakwenda, umepata diski inayozunguka, na kwa kasi ile unapata uzito wa kitu kilichomo katikati bila hata kukiona.

Mfano: ndani ya Orion kuna nyota changa inaitwa Source I. Mwaka 2019 Adam Ginsburg na wenzake waliipima hivyohivyo wakapata uzito wa mara 15 ya Jua. Molekuli waliyoitumia? Chumvi. Hii hii ya mezani, kloridi ya sodiamu, pamoja na ya potasiamu. Inatoka kwenye diski yenyewe wala haichanganyikani na gesi ya jirani, kwa hiyo picha inakuwa safi.

#10 Mpagazi_Marangu
Mita 5,000? Nimebeba mizigo Kilimanjaro. Pale Kibo Hut ni mita 4,720, usiku maji yanaganda ndani ya chupa na vidole havifungi hata zipu. Hao mafundi wanakaza vipi boliti? Na kwa nini wasije kwetu, kileleni ni 5,895?

#11 Binti_Karoo
Kaka, wanaopanda huko wengi wanatumia oksijeni, na wanalala chini kwenye mita 2,900 hivi. Mlima wako hauna uwanda wa kutandaza antena kwa kilomita 16. Halafu mawingu. Mvuke wa maji unameza mawimbi ya milimita, na ubavu wa Kilimanjaro una msitu wa mvua. Atacama ni kavu mno.

#12 Chuku_Chuku
Mimi nimebaki kwenye chumvi. Kumbe huko juu viungo vipo, bado mchele tu.

#13 Mwalimu_Eldoret
Turudi kwenye hoja. Tukikubali diski ipo, bado kuna ugomvi mkubwa: hiyo gesi yote ilikusanywa wapi kabla?

Kambi ya kwanza ni ya McKee na Tan, 2002 na 2003. Wanasema nyota nzito inazaliwa kama ndogo, ila kwa kipimo kikubwa. Kunakuwa na bonge moja zito la gesi, limejitenga, linashikiliwa lisianguke upesi na misukosuko ya gesi yenyewe na sumaku. Bonge zito linatoa nyota nzito. Mtoto anazaliwa na urithi wake mkononi.

Kambi ya pili ni ya Bonnell, Bate na wenzao, 2001. Wao wanasema hakuna urithi. Zote zinaanza ndogo ndani ya kundi moja, kisha zinagombea gesi ya pamoja.

#14 Shehe_Muscat
Hiyo ya pili mbona naijua tangu madrasa. Ni sinia la pilau. Watoto kumi wamelizunguka, wote wameanza na tonge moja, ila aliyekaa palipoangukia nyama ndiye anayenyanyuka na tumbo. Aliyekaa pembeni anaramba mkono.

#15 Kandambili_Tupu
Shehe umemaliza. Yaani anayekaa katikati ya kundi ndiye anakuwa nyota nzito?

#16 Mwalimu_Eldoret
Ndiyo, kwa sababu mvutano wa kundi zima unaileta gesi kwenye kitovu. Na tazama Orion: zile nyota nne nzito ziitwazo Trapezium ziko katikati kabisa ya kundi. Ya Theta-1 C peke yake inazidi Jua mara 30 kwa uzito. Mimi niko upande wa sinia.

#17 Binti_Karoo
Mwalimu, taratibu. Kukutwa katikati hakuthibitishi ulikula ukiwa katikati. Nyota nzito zinaweza kuzama kuelekea kitovu baadaye, au bonge zito lilikuwa hapo tangu mwanzo. Na wapo wanaokataa kambi zote mbili. Vázquez-Semadeni wa Mexico na wenzake wanasema wingu zima, kubwa kabisa, linaanguka kwa ngazi, nyuzi za gesi zinatiririka kwenye makutano, na mabonge yanaendelea kulishwa kutoka mbali huku nyota zikiwa zimeshaanza kuwaka. Hapo hakuna bonge lililojitenga wala sinia lililotulia.

#18 Kaka_Likoni
Mmesahau kambi ya tatu, ya ajali. Nyota mbili zinagongana zinakuwa moja. Tena ushahidi uko Orion hapohapo: miaka 500 iliyopita nyota ziligongana na vipande bado vinaruka.

#19 Binti_Karoo
Kaka Likoni, umechanganya kidogo. Wazo la kugongana lipo, Bonnell, Bate na Zinnecker walilitoa 1998, ila linahitaji nyota zibanane kuliko tunavyoona sehemu nyingi.

Kilichoonekana Orion ni hiki: kitu kinaitwa BN na ile Source I yenye chumvi zinakimbiana. Ukirudisha nyuma njia zake zinakutana mahali pamoja, kama miaka 500 hivi nyuma. Pale kuna vidole vya gesi vimetawanyika kila upande, ALMA imevichora vizuri, Bally na wenzake wametoa picha 2017. Maelezo yanayopendwa ni kwamba nyota kadhaa zilikaribiana, mbili zikajifunga pamoja au kuungana kabisa, na nguvu iliyotoka ikazirusha nyingine. Kwa hiyo labda kuna kuungana, labda kukumbatiana tu. Halafu hiyo 500 ni kwa saa yetu tunavyoona leo. Ongeza na miaka 1,350 ya safari ya mwanga.

#20 Kaka_Likoni
Kwa hiyo ajali ipo, ila PF3 haijatoka. Nimeridhika.

#21 fundi_dishi
Nimesikia kuna kitu kinaitwa maseri, kama leza lakini ya redio. Ni kweli inatoka kwenye nyota changa? Na dishi langu la futi nane litaikamata?

#22 Binti_Karoo
Fundi umegusa kazi yangu ya kila siku. Methanoli ikiwa kwenye gesi inayopashwa na vumbi la nyota changa nzito, inapokea nguvu na kuitoa kwenye masafa maalumu, hasa gigahezi 6.7, kwa ukali wa ajabu. Karl Menten aliigundua 1991. Uzuri wake, ya masafa hayo haionekani kwenye nyota ndogo. Ukiisikia tu, ujue pale kuna nzito inazaliwa.

Dishi lako la futi nane na LNB yako ya kawaida haviwezi. LNB ile inapokea gigahezi 3.4 hadi 4.2. Halafu mawimbi yenyewe yakifika kwetu ni dhaifu. Ila hayahitaji ALMA. Huku Afrika Kusini, pale Hartebeesthoek, kuna dishi la mita 26, NASA walilijenga 1961 kwa vyombo vya anga za mbali, siku hizi linafuatilia maseri hizi. Na Ghana, Kuntunse, walichukua dishi la mawasiliano la mita 32 lililokuwa limestaafu wakaligeuza darubini. Lilizinduliwa 2017, na methanoli ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuvisikia. Madishi ya zamani ya simu yalikuwa yanarusha kwenye gigahezi 6 hivi, kwa hiyo masafa ya methanoli yako jirani kabisa.

#23 fundi_dishi
Sasa hapo ndipo nilipoelewa. Dishi la mita 32 likistaafu kwetu linageuzwa vyuma chakavu.

#24 Mkenya_Halisi
Kwenu. Kenya tuko kwenye mpango wa Afrika wa darubini za redio pamoja na Ghana, Botswana, Namibia, Zambia, Msumbiji, Madagascar na Mauritius, na dishi la Longonot limetajwa humo. Tanzania niwaone wapi? Isitoshe setilaiti ya kwanza ya kupima eksirei za nyota ilirushwa Malindi, Desemba 12, 1970, ikaitwa Uhuru.

#25 Mzaramo_Asilia
Kutajwa na kusikia methanoli ni vitu viwili. Longonot imeshasikia nini?

Na hiyo Uhuru, setilaiti ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano, ninyi mlitoa bahari 😂

#26 Mkenya_Halisi
Na jina tulitoa sisi!

#27 Mwalimu_Eldoret
Msigombane. Uhuru ilisaidia kuitambua Cygnus X-1, shimo jeusi linalozunguka na nyota nzito. Hapo ni maziko, uzi huu ni wa uzazi. Na mashimo hayo yanatokana na nyota hizihizi.

#28 NyotaYaNge
Bado mimi ni Nge na hakuna aliyenijibu.

#29 Binti_Karoo
Dada Nge, kwenye kundinyota lako kuna habari nzuri kuliko ndoa. Kuna nebula ya Wayo wa Paka, NGC 6334, darubini ya angani ya Webb imeipiga picha iliyotolewa Julai 2025. Ndani yake, mwanzoni mwa 2015, maseri zililipuka, na Hartebeesthoek walikuwepo kusikiliza. Ile dishi ya 1961. ALMA ilipogeuzwa pale ikakuta kitu kimoja, MM1, mng'aro wa vumbi lake umepanda mara nne, na Todd Hunter na wenzake wakakadiria kwamba nguvu ya nyota iliyomo ndani ilipanda takribani mara 70.

Maana yake, nyota nzito hailishwi kwa mtiririko mmoja. Inakaa, kisha bonge la gesi kutoka kwenye diski linadondoka kwa mkupuo. Mwaka huohuo nyota nyingine, S255IR NIRS3, yenye uzito wa kama mara 20 ya Jua, nayo ilifanya hivyo. Siku hizi vituo vya nchi nyingi vimeungana kupeana taarifa. Mmoja akisikia maseri imepanda, wote wanageuza antena.

#30 NyotaYaNge
Kwa hiyo Nge wamepata mlo mkubwa 2015. Hiyo ni bahati, naichukua.

#31 Shehe_Muscat
Kumbe sinia linaletwa mara kwa mara, siyo mara moja.

#32 Mwalimu_Eldoret
Lakini siyo kila maseri inayopanda na kushuka ni mlo. Kuna ile ya nyota changa G9.62 inayopanda kila baada ya siku kama 244. Waliitambua haohao wa Hartebeesthoek, Goedhart, Gaylard na van der Walt, 2003. Van der Walt anasema ni nyota mbili zinazungukana na pepo zake zinagongana kila zikikaribiana. Warusi wanasema ni mawimbi ya mshtuko yanayozunguka ndani ya diski. Wajapani wakaja na wazo kwamba nyota changa yenyewe inavimba na kunywea. Saa moja, mafundi watatu, kila mmoja na maelezo yake.

#33 Nahodha_Mafia
Nimekuwa nasoma kimya. Tukiwa nje ya Mafia usiku wa Desemba, bila mwezi, kusini chini kidogo yanaonekana mawingu mawili meupe yasiyosogea na upepo. Wazee walituambia tusiyatilie maanani kwa mvua. Nimesikia ndimo iliko nyota kubwa kuliko zote, mara 265 ya Jua. Ni kweli?

#34 Binti_Karoo
Nahodha, hayo ni Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani zetu. Kubwa liko kama miaka ya nuru 160,000. Nyota unayoisema ni R136a1. Hiyo 265 ni makadirio ya Crowther na wenzake ya 2010. Mwaka 2022 Kalari na wenzake waliipiga picha kali zaidi wakaishusha mpaka karibu 200. Picha kali inaitenganisha na majirani zake waliokuwa wanahesabiwa pamoja.

Na kwenye wingu hilohilo, Anna McLeod na wenzake walitangaza 2023 diski ya kwanza inayozunguka nyota changa nzito nje ya galaksi yetu, inaitwa HH 1177. Walianza kwa kuona mchirizi wa gesi unaotoka kwake, kisha ALMA ikapima mzunguko. Huko kwenye Magellan vumbi ni haba, nyota ile haijafunikwa gubigubi kama za kwetu. Hapo unapata jambo ambalo huku nyumbani ni taabu kuliona.

#35 Nahodha_Mafia
Ahsante binti. Nitawaambia vijana wangu.

#36 Kandambili_Tupu
Basi mniambie, bonge au sinia? Kipimo cha kuamua ni kipi?

#37 Binti_Karoo
Kipimo kimoja ni kutafuta bonge zito, baridi, ambalo halina nyota ndani bado. Kambi ya bonge ikiwa sahihi, lazima yawepo. Tunayatafuta kwenye mawingu meusi yanayoonekana kama kivuli kwenye picha za infraredi. Tatizo ni kwamba mengi yaliyodhaniwa ni yenyewe, ALMA ikiyakaribia yanagawanyika vipande vidogo, au unakuta tayari kuna kijinyota ndani kinatema gesi. Yaliyobaki ni machache, na yanabishaniwa moja moja.

#38 Mwalimu_Eldoret
Sinia linashinda.

#39 Binti_Karoo
Mwalimu! Hali ya bonge kukaa bila nyota inaweza kupita haraka, kwa hiyo kuyakosa hakuthibitishi kwamba hayapo. Na nyie wa sinia mna deni: Sana na wenzake 2012 walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya nyota za daraja la O, yaani zile nzito na za moto kuliko zote, zina mwenza wa karibu kiasi cha kulana gesi maishani. Waelezeni wale wenza walitoka wapi.

#40 Mwalimu_Eldoret
Diski ikiwa nzito inakatika, kipande kinakuwa mwenza. Hilo linafanya kazi kwa kambi zote mbili, usinibebeshe peke yangu.

#41 fundi_dishi
Wakati mnabishana, mimi nauliza: data za hiyo ALMA raia anaruhusiwa kuziona?

#42 Binti_Karoo
Ndiyo. Aliyeomba muda wa kuangalia anazishika kwa mwaka mmoja, baada ya hapo zinafunguliwa kwa kila mtu bure. Mafaili ghafi ni mazito mno, anza na picha zilizokwisha kusafishwa. Programu inaitwa CASA, ya bure, inaendeshwa kwenye Linux.

#43 fundi_dishi
Linux ninayo. Nipe jina la ile ya chumvi.

#44 Binti_Karoo
Andika "Orion Source I" kwenye kisanduku cha kutafutia. Bando liwe la kutosha.